Kompyuta, Maji na Miamba: Funzo la Ziwa Magadi

Maji ya mvua hunyonya kaboni dayoksaidi hewani yakawa asidi dhaifu. Yanapopenya miambani huimumunya kidogo kidogo na kuchukua chumvi zake. Na yanapokauka katika bonde lisilo na mto wa kutokea, chumvi hizo hurudi kuwa mawe. Mwendo huu ni wa karne nyingi, wala hauwezi kushuhudiwa wote na jicho la mtu. Ndiyo sababu wataalamu huuiga kwa hesabu za kompyuta.

Mwaka 1967 Robert Garrels na Fred Mackenzie walichukua vipimo vya chemchemi za milima ya Sierra Nevada, Marekani, wakayakausha maji yake kwa hesabu tu. Katika hesabu ya namna hii huondolewa maji kidogo, wingi wa kila chumvi hukadiriwa upya, kisha huangaliwa kama yako madini yaliyokwisha kuyashibisha maji. Yakiwako, hutengwa kama mashapo, na hesabu huanza tena. Kaboneti ya kalisiamu hutangulia kutengwa, na hapo ndipo penye njia panda. Ikiwa chembe za bikaboneti zimezidi maradufu ya zile za kalisiamu, kalisiamu huelekea kwisha na maji huwa ya magadi, kama yalivyokuwa yale ya Sierra Nevada. Kalisiamu ikizidi, maji hufuata njia nyingine. Hivyo basi, tofauti ndogo chemchemini huamua hali ya ziwa zima.

Ziwa Magadi la Kenya, ambalo maji yake hutoka katika miamba ya volkeno yenye sodiamu nyingi na kalisiamu haba, limefuata njia hiyo ya kwanza. Hata hivyo, mwaka huo huo wa 1967 Hans Eugster alieleza madini mawili mapya ya huko, yenye sodiamu na silika: magadiiti na kenyaiti. Aliyaona kuwa asili ya tabaka za mawe ya jamii ya gumegume. Kabla ya hapo hapakuwa na hesabu ambayo ingeyatabiri, kwa kuwa kompyuta hutenga yale tu yaliyomo katika orodha iliyopewa.

Programu za leo, mathalani PHREEQC, humruhusu mtumiaji kuongeza madini orodhani. Lakini ni lazima kwanza yajulikane na kupewa jina. Na hapa jina limetokana na magadi, neno la Kiswahili lijulikanalo tangu zamani jikoni.