Baada ya tasnifu, kitabu

Nilipomaliza kutetea tasnifu yangu kuhusu Kiswahili cha sokoni hapa Lubumbashi, nilidhani kitabu kiko tayari, kimebaki kuchapwa tu. Mchapishaji alisoma kurasa 30 akanirudishia. “Profesa,” akaniambia, “humu unajibu maswali ya watahini. Msomaji wangu hajakuuliza hayo.”

Alisema kweli. Tasnifu huandikiwa watu watano au sita ambao kazi yao ni kutafuta kosa. Ndiyo maana tunaanza na “fulani alisema, fulani akapinga”, halafu kila sentensi tunaiwekea tanbihi kama mlango wenye kufuli tatu. Msomaji wa kitabu anakuja kwa hiari, na akichoka anakifunga. Sura yangu ya kwanza ilikuwa na kurasa 84, zimebaki 6. Iliniuma, maana niliiandika miaka miwili.

Pengine dawa si kupunguza bali kugawa. Jan Vansina alitetea tasnifu yake Leuven mwaka 1957, juu ya thamani ya masimulizi ya mdomo kwa historia, akitumia mfano wa Wakuba wa Kasai. Upande wa mbinu ulitoka mwaka 1961 kwa jina De la tradition orale, ukasomwa hata na watu wasiojua Kasai iko wapi. Historia ya Wakuba ikapata kitabu chake mwaka 1963.

Lakini kazi iliyonichukua muda mrefu zaidi haikuwa ya mezani. Mama mmoja muuza makala (kwetu makala ni yale ya kupikia, si haya unayosoma) alikubali nimrekodi kwa ajili ya masomo. Kitabu kinauzwa, kwa hiyo ruhusa ile haikutosha. Nikarudi sokoni kumwomba upya.

“Mutoto yangu, utauzisha maneno yangu? Basi unisomee kwanza.”

Nikamsomea. Tulipofika kwenye ugomvi wake na mteja aliyekataa kulipa deni, akanisimamisha. “Toa hiyo. Ule mutu njo shemeji yangu sasa.”

Ulikuwa mfano wangu bora wa namna Kifaransa kinavyoingia katika Kiswahili mtu akikasirika, watahini waliusifu. Nimeutoa. Sura ya tatu inachechemea, na kila Jumamosi niko sokoni natafuta ugomvi mwingine.