Harufu ya Kuungua Garini: Dalili, Chanzo na Tiba

Utangulizi

Wahenga walinena kuwa dalili ya mvua ni mawingu. Kwa mwenye gari, wingu la kwanza aghalabu halionekani bali hunuswa. Jioni dereva huondoka katikati ya jiji la Nairobi, akapita Westlands, akaikwea Barabara ya Waiyaki kupitia Kangemi na Uthiru, na anapoegesha nyumbani Kinoo au Kikuyu hulakiwa na harufu ya kitu kinachoungua. Kesho yake humwambia fundi, "Gari linanuka moto." Kauli hiyo haitoshi. Fundi asiyeelezwa zaidi hubahatisha, na kila anapobahatisha, mwenye gari hununua kipuri kipya mahali pa kipuri kizima. Makala haya yanafafanua jinsi ya kuitambua harufu hiyo, kukitafuta chanzo chake na kukiondoa.

Kwa nini baada ya safari?

Gari linapokwenda, upepo huipeperusha harufu nyuma. Linaposimama, upepo hukoma. Aidha, injini inapozimwa, pampu inayozungusha maji ya kuipoza husimama pia, ilhali chuma chenyewe bado kina joto jingi. Kwa hiyo joto chini ya boneti huweza kupanda kwa muda kabla ya kushuka. Tone la oili lililoangukia bomba la moshi huungua wakati huo na kunukia pale pale. Njia ya magharibi mwa Nairobi huongeza mzigo: ni mwinuko wa kuelekea Kikuyu, mji ulio takriban mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na msongamano wa jioni humlazimu dereva kusimama na kuondoka mara kwa mara akiwa mlimani.

Aina za harufu na vyanzo vyake

Kwanza, harufu kali kama ya karatasi iliyoungua, baada ya kupanda mlima katika msongamano, huelekeza kwenye klachi ya gari la gia za mkono. Dereva anayelizuia gari mlimani kwa klachi badala ya breki huifanya sahani yake isuguane bila kushika. Ikiwa injini inavuma zaidi lakini mwendo hauongezeki, klachi inateleza. Tiba ya mwanzo ni kubadili mazoea. Sahani ikiwa imekwisha, haina budi kubadilishwa.

Pili, harufu kali inayotoka gurudumuni ni ya breki. Huenda breki ya mkono haikuachiliwa yote, au breki imekwama na haiachii gurudumu. Baada ya safari, dereva asogeze kiganja karibu na kila gurudumu pasipo kuligusa. Gurudumu lenye joto kupita mengine ndilo la kuchunguzwa. Wanaoteremka kwenda Mai Mahiu nao huzichosha breki kwa kuzikanyaga mfululizo. Gia ndogo husaidia kulizuia gari.

Tatu, harufu nzito ya oili, pengine pamoja na moshi wa samawati chini ya boneti, hutokana na oili inayovuja juu ya chuma cha moto. Gasketi ya kifuniko cha juu cha injini ni mshukiwa wa kawaida. Ikiwa oili ilibadilishwa siku hiyo, huenda ni matone yaliyomwagika tu, nayo hukauka. Harufu ikiendelea, kiasi cha oili kipimwe na gasketi ikaguliwe. Usipoziba ufa utajenga ukuta: gasketi ni nafuu, injini iliyokaukiwa oili si nafuu.

Nne, harufu tamutamu ni ya kiowevu cha kupozea injini kinachovuja. Kifuniko cha redieta kisifunguliwe kamwe injini ikiwa moto, kwani maji yaliyo chini ya shinikizo huruka na kuunguza.

Tano, harufu ya mpira hutokana na mkanda wa injini unaoteleza, bomba la mpira lililogusa chuma cha moto, au tairi linalosuguana na mwili wa gari. Ile ya plastiki inaweza kuwa ya mfuko ulionasa kwenye bomba la moshi. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku nchini Kenya mwaka wa 2017, ila mabaki yake hayajatoweka barabarani. Lakini harufu ya plastiki inayotoka ndani ya gari au nyuma ya dashibodi ni ya waya. Hapo hakuna la kusubiri: gari liegeshwe, injini izimwe, abiria watoke. Fyuzi iliyoungua ibadilishwe kwa nyingine ya kipimo kile kile, wala si kwa kipande cha waya, kwa maana fyuzi huungua ili gari lisiungue.

Hitimisho

Kabla ya kumwendea fundi, iwe ni katika karakana ya Westlands au kwa mafundi wa jua kali wa Barabara ya Kirinyaga, ambayo wengi wangali wakiiita Grogan, dereva ajiulize maswali manne: Harufu yafanana na nini? Yatoka wapi? Huja mlimani, kwenye breki au gari likisimama? Je, kuna moshi au tone chini ya gari? Kiswahili kina shombo kwa samaki na kutuzi kwa jasho la kwapa. Hakijawa na jina moja moja kwa klachi, oili na waya zinazoungua. Hata hivyo, kina uwezo wa kueleza na kulinganisha, na maelezo hayo ni nusu ya matengenezo. Msomi wa lugha anayefikiri kwamba ufundi hauhusiani na taaluma yake angefaa kusimama kando ya boneti iliyofunguliwa, asikilize jinsi neno moja sahihi linavyookoa fedha, na pengine maisha.