Tabibu au daktari? Hesabu ya mwanafunzi wa Singida

Matokeo ya kidato cha nne yakishatoka, sebule nyingi za Singida Mjini hugeuka baraza. Biolojia C, Kemia C, Fizikia D. Baba anataka mtoto aendelee kidato cha tano, achukue PCB, yaani Fizikia, Kemia na Biolojia. Mama ameshasikia habari za stashahada ya utabibu. Mtoto mwenyewe anawaza koti jeupe tu.

Marekani nako wanaotaka udaktari wana njia mbili: MD, shahada ya kawaida ya udaktari, na DO. DO ni shahada ya osteopathia. Mwasisi wake, Andrew Taylor Still, alifungua chuo Kirksville, Missouri, mwaka 1892. Wanafunzi wa DO huongezewa mafunzo ya kutibu viungo na misuli kwa mikono, lakini wakihitimu ni madaktari kamili sawa na wenzao wa MD: wanaandika dawa, wanapasua, wanabobea.

Kwetu njia mbili zilizopo, ya tabibu na ya daktari, hazifiki mahali pamoja, na hapo ndipo familia nyingi hukosea.

Udaktari una safari ndefu: miaka 2 ya kidato cha tano na sita, 5 ya shahada, kisha mwaka 1 wa mafunzo kwa vitendo hospitalini. Jumla miaka 8 baada ya kidato cha nne, tena kama hakuna kilichokwama. Kwa anayetoka Singida, chuo kikuu cha jirani ni Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), kilichoanzishwa 2007. Tabibu husoma miaka 3 tu. Kabla ya kulipa ada ya utabibu popote, familia ihakikishe chuo na kozi vimesajiliwa na NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya kati.

Wapo wanaomwita tabibu daktari aliyeshindwa. Maneno hayo yanaumiza, na anayeyasema pengine hajakaa kwenye benchi la zahanati ya kijijini. Mama amefika na mtoto mwenye homa. Tabibu anamtoboa kidole, tone la damu linaingia kwenye kipimo cha haraka cha malaria, wanasubiri takriban dakika 15. Mstari wa pili ukijitokeza, anaandika dawa mseto kwa uzito wa mtoto na kujaza kitabu cha MTUHA, cha kumbukumbu za wagonjwa. Mtoto akiwa na degedege, ni yeye anayeamua apewe rufaa saa hiyo hiyo. Mama anamwita dokta, na kwa siku ile ndiye dokta pekee aliyepo.

Hata hivyo utabibu una ukomo wake. Anayeota kuwa bingwa wa upasuaji au wa magonjwa ya watoto lazima apite kwenye shahada. Fedha nazo zina sauti: mikopo ya Bodi ya Mikopo iliwahusu wa shahada kwa miaka mingi, hadi mwaka wa masomo 2023/24 ilipofikia pia baadhi ya stashahada, zikiwamo za afya.

Kuna njia ya tatu ambayo haisemwi vya kutosha nyumbani. Tabibu anaweza kuomba udaktari kwa cheti chake cha stashahada, akiwa na GPA isiyopungua 3.0 na ufaulu wa masomo ya sayansi kidato cha nne. Kwa hiyo mwanafunzi anayeanza utabibu huku akiwaza shahada aichunge GPA tangu muhula wa kwanza. Akimaliza na 2.8 atafanya kazi ya utabibu bila shida, ila kwa cheti hicho hatapokelewa kusomea udaktari.