Zafarani na Shinikizo la Damu la Panya

Zafarani, kiungo cha biriani, ni nyuzi tatu nyekundu zinazokaushwa kutoka katikati ya ua la *Crocus sativus*. Krosini huipa rangi. Safranali huipa harufu. Mwaka 2010 wataalamu wa Mashhad, Iran, walieleza kwamba viini vya zafarani vilivyotolewa kwa maji, vilipodungwa katika mshipa wa panya, viliteremsha shinikizo la damu. Kadiri kipimo kilivyoongezwa, ndivyo lilivyozidi kushuka.

Je, mgonjwa wa shinikizo aache vidonge vyake, atumie zafarani? La, hasha! Panya alidungwa, mlaji humeza nyuzi chache, ambazo viini vyake hupitia kwanza tumbo, utumbo na ini. Jaribio la panya hutupatia swali la kuchunguza kwa binadamu, wala si jibu.