Injini Inayogonga Juu: Vipimo vya Kufanya Kabla ya Kulipia Injini Nyingine

Mwenye gari la miaka mingi katika Kata ya Ikinga, wilayani Ileje, huijua sauti hii hasa katika asubuhi za baridi za Juni na Julai. Injini inawaka, kisha juu yake husikika mgongano mwepesi wa haraka, mithili ya cherehani. Fundi wa kwanza husema tapeti zimekufa. Wa pili husema injini yote imekwisha, na kwamba ipo nyingine Tunduma. Kati ya kauli hizo mbili kuna tofauti ya fedha nyingi, na tunashauri mlaji asilipie yoyote kati yake kabla vipimo vya bei ndogo havijafanyika.

Tapeti ni kipande cha chuma kinachopokea msukumo wa kemshafti na kuufikisha kwenye valvu. Katika baadhi ya injini, tapeti ina chumba kidogo ndani yake. Oili inayosukumwa na pampu huingia humo na kuiziba nafasi iliyopo kati ya vyuma, ndipo injini inapotulia. Gari likilala usiku kucha, sehemu ya oili hiyo hushuka. Asubuhi tapeti huhitaji sekunde chache kujaa tena. Kelele inayokoma ndani ya muda huo mfupi, katika gari lenye umri mkubwa, si sababu ya kufungua injini. Inayodumu hata baada ya injini kupata moto, au inayoanza pale injini inapopata moto, ndiyo ya kuchunguzwa.

Uchunguzi huanza na oili. Egesha gari mahali tambarare, jambo ambalo katika milima ya Ileje si la kudhaniwa, kwani gari likiinama, kijiti cha kupimia hudanganya. Zima injini, subiri takriban dakika kumi, ndipo upime. Oili ikipungua mno, pampu huvuta hewa. Ikizidi mno, krankshafti huipiga hadi ikafanya povu, na tapeti iliyojaa povu hugonga vilevile. Wengi hawalijui hili la pili, nao huongeza oili kila wasikiapo kelele. Iwapo taa ya oili imewaka kwenye dashibodi wakati injini inaunguruma, zima papo hapo na usiliendeshe gari hata kwa kuteremka hadi Isongole. Gharama ya kuvutwa ni ndogo kuliko ya krankshafti iliyokauka.

Kisha tazama aina ya oili. Kitabu cha gari hueleza uzito unaotakiwa, na oili nzito kuliko hiyo huchelewa kupanda asubuhi ya baridi. Badilisha oili na filta kwa pamoja. Filta nyingi zina kizuizi cha mpira kinachoizuia oili isirudi chini gari linapozimwa. Filta duni hukosa kizuizi hicho, au hukiwa nacho kigumu kisichoziba. Nunua palipo na risiti, kagua kama kizibo cha chupa hakijafunguliwa, na tafuta alama ya ubora ya TBS. Usikubali injini ioshwe kwa mafuta ya taa: huondoa utando wa oili unaolinda beringi, na uchafu yanaoung'oa waweza kuziba njia zilezile unazotaka kuzifungua.

Kelele ikibaki, mwombe fundi afungue swichi ya oili na kufunga geji ya kupimia msukumo mahali pake. Ni kazi fupi, nayo hutenganisha pampu au beringi zilizochoka na tapeti zilizochoka. Fundi anayedai injini imekufa bila kupima hapo anakisia.

Si kila mgongano ni wa tapeti. Gasketi ya ekzosi iliyopasuka hutoa sauti inayofanana mno, nayo hupungua chuma kikipata moto na kutanuka. Kugonga kuzito, kunakotoka chini na kuongezeka gari linapopanda mlima, huelekea kwenye beringi za krankshafti. Hapo ndipo hofu ina msingi. Sauti ya tapeti ina mwendo wake: kemshafti huzunguka mara moja kila krankshafti inapozunguka mara mbili, hivyo mgongano wa juu huwa wa polepole kuliko wa chini.

Jambo moja huwagharimu watu bure. Magari mengi ya hapa nchini hayana kabisa tapeti za oili. Injini ya Toyota 1NZ-FE, iliyomo katika IST na Vitz nyingi, hutumia tapeti za chuma kitupu, na nafasi yake hurekebishwa kwa kuweka tapeti ya unene mwingine baada ya kupima. Injini nyingi za petroli za Mitsubishi za miaka ya 1990 zinazo za oili. Kwa hiyo muulize fundi kwanza gari lako lina aina gani.

Anayenunua gari lililotumika afike asubuhi na kuligusa boneti kabla ya salamu kuwa ndefu. Likiwa la moto, muuzaji ameitangulia kelele. Chomoa pia kijiti: oili nzito kama asali, katika injini inayotakiwa oili nyepesi, huenda imewekwa ili kuinyamazisha sauti kwa siku chache.

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inamkataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji kuhusu bidhaa au huduma, na matengenezo ya gari ni huduma. Dai maandishi yanayotaja tatizo lililopimwa, kipimo kilichosomwa, vipuri vitakavyobadilishwa na bei ya kila kimoja. Vipuri vilivyotolewa ni mali yako. Vichukue pamoja na risiti, kwa sababu malalamiko yasiyo na vitu hivyo ni vigumu kuyathibitisha.