Kitulo, Bustani ya Mungu: Nani Ataitunza?

Tukitoka Mbeya kwa barabara kuu ya kwenda Makambako, tunapita mji mdogo wa Chimala. Hapo jua ni kali, na upande mmoja mashamba ya mpunga ya Usangu yametanda hadi macho yanapokoma. Lakini tukigeuka kusini tunaona ukuta wa milima, na barabara nyembamba ya vumbi ikiupanda kwa kujikunja-kunja. Wenyeji huiita Hamsini na Saba, maana kona zake ni 57. Anayepanda na kanga moja begani atajuta kabla hajafika Matamba, kwani huko juu ni nchi nyingine kabisa.

Mbele ya Matamba ndiko iliko nyanda ya juu ya Kitulo, kiasi cha meta 2,600 juu ya usawa wa bahari, kati ya milima ya Kipengere, Poroto na Livingstone. Wenyeji wameipa jina la Bustani ya Mungu. Wataalamu wa mimea nao huiita Serengeti ya Maua. Makala hii ni kwa ajili ya akina mama wenzetu ambao huenda hawajafika huko, lakini maji ya Kitulo yamewafikia nyumbani.

Nchi ya baridi na maua

Kitulo si uwanja mmoja ulionyooka. Ni vilima vya mviringo vinavyofuatana kama mawimbi, na katikati yake mabonde mapana yasiyo na miti, yenye nyasi fupi na udongo mweusi. Udongo huo ni zawadi ya moto: majivu ya volkano za zamani za upande wa Rungwe yaliangukia nchi hii na kuirutubisha. Kilele cha Mtorwi kina meta 2,961, kikiupita Mlima Rungwe kwa meta moja tu.

Miezi ya Juni hadi Agosti baridi huuma. Asubuhi nyingine nyasi huwa nyeupe kwa barafu, na mtu asiyejua angedhani nchi imekufa. Lakini mvua zikianza, tangu mwisho wa Novemba hadi Aprili, ardhi hiyohiyo hufunguka. Yanatoka maua ya manjano, ya zambarau, meupe na mekundu, kila juma na rangi yake. Wataalamu wamehesabu aina zipatazo 350 za mimea, na kati ya hizo 45 ni okidi, maua ambayo watu wa mijini huyanunua kwa bei kubwa. Baadhi ya mimea ya Kitulo haioti mahali pengine popote duniani.

Maji yetu yatoka wapi?

Mama anayeteka maji anajua kwamba kisima hakina maana kama chemchemi imekufa. Nyasi na udongo wa mabonde ya Kitulo hunywa mvua kama sifongo, kisha huyaachia maji polepole, hata wakati wa kiangazi. Vijito vya upande mmoja huteremka kwenda Ziwa Nyasa. Vya upande mwingine huingia katika Mto Ruaha Mkuu, unaopita Usangu penye mpunga na Hifadhi ya Ruaha penye tembo, kisha kufika mabwawa ya umeme ya Mtera na Kidatu. Kwa hiyo mama anayepika wali wa Mbarali, au anayewasha taa ili mtoto asome, ana deni kwa nyasi za Kitulo.

Tangu mwaka 1993 Ruaha Mkuu ulianza kukauka kabisa sehemu za chini wakati wa kiangazi. Sababu kubwa ni matumizi ya maji huko bondeni, hasa umwagiliaji. Lakini mto uliokwisha kudhoofika chini hauwezi kuvumilia kuharibiwa juu pia.

Wakazi wasiotujua

Anayetafuta simba na twiga asipande Kitulo. Wakazi wa huko ni wapole na wadogo. Yupo tandawala, ndege mkubwa atembeaye nyasini kwa madaha. Yupo pia mbayuwayu wa buluu, ndege adimu anayejenga kiota chake ndani ya mashimo ardhini. Akisha kulea makinda wakati wa mvua, huruka kwenda pande za Ziwa Viktoria, na msimu ukifika hurudi.

Katika misitu inayoshuka ukingoni mwa nyanda anaishi kipunji. Ni nyani mwenye manyoya marefu ya kahawia, uso mweusi na kishungi kilichosimama utosini. Wawindaji wa Kinyakyusa walimfahamu na kumpa jina zamani, lakini wataalamu walimtambua mwaka 2003 tu katika misitu ya Rungwe na Livingstone. Mwaka 2006 ikabainika kwamba hana ndugu wa karibu wa kutosha kuwekwa katika kundi lolote lililojulikana, akapewa kundi lake mwenyewe. Hesabu iliyotolewa mwaka 2008 ilikuta kama 1,100 hivi, yaani wachache kuliko wanafunzi wa shule moja kubwa.

Waliopita hapa

Milima hii ni nyumba ya Wakinga, Wawanji, Wasafwa na Wanyakyusa tangu kale. Mwaka 1877 alipita Mwingereza Frederick Elton, balozi mdogo huko Msumbiji, akitokea Ziwa Nyasa. Mwaka huohuo alifariki njiani akiwa Ugogo, na kwa miaka mingi ramani za wageni ziliiita nchi hii Nyanda ya Elton. Baada ya uhuru serikali ilianzisha ufugaji wa kondoo wa sufu, na baadaye ng'ombe wa maziwa. Wenyeji nao waliendelea na pareto na viazi mviringo.

Tusisahau pia miaka ya uchungu. Katika miaka ya 1990 na 2000 UKIMWI uliipiga Wilaya ya Makete kwa nguvu, na mabibi wengi wakajikuta wakilea wajukuu kwa jembe la mkono. Tunapozungumza juu ya kulinda maua, tukumbuke kwamba jirani wa maua hayo ni mama mwenye watoto wa kulisha.

Kiazi kisichopandika

Na hapa ndipo penye shida. Chini ya okidi nyingi za Kitulo kuna kiazi kidogo. Huko Zambia viazi hivyo hukaushwa, hutwangwa, na kupikwa pamoja na unga wa karanga, pilipili na magadi mpaka vigande kama mkate. Chakula hicho huitwa chikanda au chikande, na ni kitamu. Zamani kilikuwa chakula cha vijijini kaskazini mwa Zambia. Kilipopendwa mijini, okidi za kwao zikapungua, na wachuuzi wakavuka mpaka kuja kwetu. Utafiti wa mwanzoni mwa miaka ya 2000 ulikadiria kwamba viazi kati ya milioni 2.2 na milioni 4.1 vilikuwa vikitolewa nyanda za juu za kusini kila mwaka kupelekwa Zambia.

Mama mkulima atauliza, "Kwani kiazi si kiazi? Tupande vingine!" Lakini okidi si kama mbatata. Huwa na viazi viwili: kikuukuu kinacholisha ua la mwaka huu, na kipya kitakachotoa ua la mwaka ujao. Mchimbaji hutaka kile kipya, kigumu. Akikichukua, amechukua mwaka ujao. Mbegu zake nazo ni laini kama vumbi, hazina akiba ya chakula ndani, na haziwezi kuota bila kukutana na aina ya ukungu ulio udongoni. Ndiyo maana bonde lililochimbuliwa halijazwi kwa kutupa mbegu.

Mwaka 2005 Kitulo ikawa Hifadhi ya Taifa, yenye zaidi ya kilometa za mraba 400, ya kwanza katika Afrika ya kitropiki kuanzishwa hasa kwa ajili ya mimea. Kuchimba ndani yake ni kosa. Lakini okidi huota nje ya mpaka pia, na sheria peke yake haimtoshi mama mwenye sufuria tupu.

Sisi tufanye nini?

Kwanza, tusimhukumu mchimbaji huku tukimsahau mnunuzi. Bidhaa huchimbwa kwa sababu iko sokoni. Mama anayeuza au kununua chikande mpakani na aulize viazi vimetoka wapi, na ajue kwamba havikupandwa na mtu.

Pili, tumpe mama wa Makete njia nyingine. Viazi mviringo vyake vinapandika na kuvunwa kila mwaka. Tukivinunua kwa bei ya haki, na vikundi vya akina mama vikisaidiwa mbegu bora, fedha ya ada itapatikana bila kuchimba bonde.

Tatu, tuwafundishe watoto. Wengi wetu tukipewa nafasi ya kutembelea hifadhi huwaza wanyama wakubwa tu. Vikundi vya kanisani na shule zilizo karibu vyaweza kupanda Kitulo mwezi Februari, maua yakiwa tele. Wabebe masweta, watazame, na wasichume.

Wazee walioiita nchi hii Bustani ya Mungu hawakuipamba tu kwa jina. Bustani ina mwenyewe, na aliyekabidhiwa huulizwa. Mama mwema hapiki mbegu yote jioni moja, hata kama mvua imechelewa. Huweka kando sehemu ya msimu ujao, naye huijua thamani yake kwa sababu ameona njaa. Kile kiazi kipya chini ya okidi ndiyo mbegu ya Kitulo. Tukiache kilale udongoni.