Mkulima wa mbaazi ana mshindani Myanmar

MKULIMA wa mbaazi wa Babati, Masasi au Nachingwea anaweza asijue Myanmar iko wapi kwenye ramani. Lakini nchi hiyo ya Kusini Mashariki mwa Asia, iliyokuwa ikiitwa Burma, ni mshindani wake mkubwa katika soko la India. Bei anayolipwa shambani hutegemea mvua na wingi wa mavuno, na hutegemea pia yale ambayo serikali zimekubaliana mezani.

India ndiyo mlaji na mnunuzi mkubwa wa mbaazi duniani. Mavuno yake yanapopungua, huagiza kutoka Msumbiji, Tanzania, Malawi na Myanmar. Wakulima wa Afrika Mashariki huvuna kuanzia katikati ya mwaka, kabla mbaazi za India hazijaingia sokoni. Wale wa Myanmar huvuna mwanzoni mwa mwaka, lakini wao wako jirani na mnunuzi, hivyo safari ya meli ni fupi na gharama ni ndogo.

Miaka mingi chini ya jeshi

Jeshi lilitwaa madaraka Myanmar Machi 1962, chini ya Jenerali Ne Win. Biashara ya mazao ilishikwa na serikali. Baada ya ghasia za mwaka 1988 watawala walilegeza kamba kwenye mikunde, wakawaachia wafanyabiashara binafsi kununua na kusafirisha, huku mchele ukiendelea kubanwa. Matokeo yake wakulima wa maeneo makavu ya katikati ya nchi, kama Magway, Mandalay na Sagaing, walikimbilia mbaazi na choroko.

Hata hivyo, nchi ilibaki imetengwa. Jeshi lilikataa matokeo ya uchaguzi wa mwaka 1990, ambao chama cha Aung San Suu Kyi kilishinda, na nchi za Magharibi zikaweka vikwazo. Mwaka 2003 Marekani ilipiga marufuku bidhaa zote kutoka huko. Malipo ya dola yalikuwa shida, kwa kuwa benki nyingi ziliogopa kupitisha fedha hizo. Wafanyabiashara walilazimika kupitia nchi ya tatu, kama Singapore, na kila aliyesimama katikati alichukua chake.

India ilichagua njia nyingine. Tangu miaka ya 1990 iliendelea kuzungumza na majenerali, kwa sababu ya mpaka wa pamoja na hofu ya ushawishi wa China. Biashara ya mikunde ilinufaika na uamuzi huo.

Mlango wafunguliwa

Mabadiliko yalianza mwaka 2011. Thein Sein, jenerali wa zamani, aliapishwa kuwa rais Machi mwaka huo, wafungwa wa kisiasa wakaanza kuachiwa, na mwishoni mwa mwaka Hillary Clinton akawa Waziri wa kwanza wa Mambo ya Nje wa Marekani kufika huko tangu 1955. Mwaka 2012 Marekani ilirudisha balozi baada ya miaka 22, na Novemba Rais Barack Obama alitua Yangon.

Vikwazo havikuondolewa kwa mkupuo. Kila hatua ya Myanmar ilijibiwa kwa hatua nyingine. Umoja wa Ulaya ulivisimamisha mwaka 2012 na kuviondoa mwaka 2013, isipokuwa vya silaha, kisha ukairuhusu nchi hiyo kuuza bidhaa zake Ulaya bila ushuru. Januari 2013 nchi wadai zilikubali kufuta karibu dola bilioni 6 za madeni.

Kwa mfanyabiashara wa kawaida, badiliko kubwa lilikuwa la fedha. Hadi Aprili 2012, dola moja kwa bei ya serikali ilikuwa takriban kyat 6, wakati mitaani ilizidi 800. Serikali ilipoachia bei hiyo ifuate soko, hesabu za muuzaji wa nje zikaanza kueleweka. Kadi za simu, zilizokuwa zikiuzwa kwa mamia ya dola, mwaka 2014 zilishuka hadi kyat 1,500, sawa na dola moja na nusu hivi wakati huo.

Jeshi larudi

Tatizo ni kwamba jeshi halikuachia kila kitu. Katiba ya mwaka 2008 iliwapa wanajeshi robo ya viti vya Bunge na wizara tatu nyeti. Mwaka 2017 operesheni zao katika jimbo la Rakhine ziliwafanya zaidi ya Warohingya 700,000 kukimbilia Bangladesh. Februari 1, 2021 wakapindua serikali iliyochaguliwa.

Vikwazo vya Magharibi vilirudi na kyat ikaporomoka. Aprili 2022 Benki Kuu iliamuru fedha za kigeni zinazoingia zibadilishwe haraka kwa bei ya serikali, hivyo wasafirishaji mazao wakapata pungufu ya bei ya mitaani. Wapiganapo tembo, nyasi ndizo huumia.

Lakini India haikufunga mlango. Juni 2021, miezi minne baada ya mapinduzi, ilitangaza kununua kutoka Myanmar tani 100,000 za mbaazi na tani 250,000 za choroko nyeusi kila mwaka, kwa miaka mitano.

Karatasi ina thamani

Umuhimu wa makubaliano hayo anaujua aliyelima mbaazi mwaka 2017. Agosti mwaka huo India ilipunguza uagizaji hadi tani 200,000 kwa mwaka ili kulinda wakulima wake. Wakulima wa Tanzania walibaki na magunia ndani na bei ikaanguka vibaya. Msumbiji, iliyokuwa imetia saini hati na India Julai 2016, haikuguswa na ukomo huo kwa kiasi kilichokubaliwa.

Mei 2021 India iliufungua mlango kwa wote, lakini kwa kibali chenye muda maalumu ambacho huongezwa kila kinapokaribia kwisha. Kwa hiyo mkulima na mnunuzi wa kijijini wanapaswa kuuliza mapema, kabla ya kupanda na kabla ya kukopa: kibali cha India kinaisha lini? Chama cha ushirika nacho kina haki ya kuiuliza wizara ya biashara kama kuna mkataba. Kushindana na Myanmar kwa ubora wa mbegu na usafi wa mzigo kunawezekana. Kushindana na hati iliyotiwa saini, bila kuwa na hati, ni vigumu zaidi.